Zana za Kazi za Wazee Wetu wa Galu: Historia Yake na Wajibu wa Kuzitunza

Katika kurasa zilizotangulia ndugu wanachama wamekwisha kusoma hesabu ya ada, ya misaada ya mazishi, na ya karo za watoto waliosaidiwa na chama. Hesabu hizo ni za lazima, kwani mali isiyohesabiwa hupotea. Lakini iko mali nyingine ya watu wa Galu ambayo haijapata kuandikwa katika daftari lo lote, nayo ni majembe, mashoka, vinu, mbuzi za kukunia nazi, na zana nyinginezo ambazo kwazo wazee wetu walijipatia riziki. Kwa idhini ya Kamati twaleta mbele yenu historia fupi ya zana hizo, ili wanachama waamue, kabla hazijaisha, kama zastahili kukusanywa na kutengenezwa, na kwa njia gani.

Maoni yetu twayasema tangu mwanzo. Jembe kuukuu lisilojulikana lilikuwa la nani ni kipande cha chuma, na bei yake ni bei ya chuma. Jembe lile lile likiwa na jina la mwenyewe, la shamba alilolima, na la mhunzi aliyelifua, huwa ni historia. Kwa hiyo kazi ya kukusanya zana ni kazi ya kukusanya maneno ya wazee kwanza, na vyuma baadaye.

CHUMA KATIKA NCHI YA KWALE

Watu wengine hudhani kwamba chuma kililetwa huku na meli za Wazungu. Sivyo. Katika miaka ya 1960 mtafiti Robert Soper alichimbua karibu na mji wa Kwale mahali palipokaa watu wa kale, na mwaka 1967 akaandika habari zake katika jarida la Azania. Vyungu alivyovikuta vina umri wa miaka 1700 hivi, na wataalamu wakaviita kwa jina la Kwale. Tangu hapo kila vyungu vya namna hiyo vinapoonekana, hata huko Usambara na Upare, huitwa kwa jina la wilaya yetu. Waliovifinyanga walikuwa watu wa zama za chuma.

Hatudai kwamba hao ndio babu zetu wa damu. Masimulizi ya Wadigo, kama ya Mijikenda wengine, yatutoa Shungwaya, na kutuleta katika kaya zetu. Twasema tu kwamba nchi hii ilijua chuma karne nyingi kabla ya kuja kwa Wareno. Naye Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia huko Sicily mwaka 1154, ameandika kwamba watu wa Malindi na wa Mombasa walikuwa wakichimba chuma na kukiuza, na kwamba kwa watu wa Malindi hiyo ndiyo biashara iliyowapa faida kubwa kuliko nyingine.

Kwa hiyo mhunzi aliyekaa na mivukuto yake na fuawe yake chini ya mwembe alikuwa mrithi wa kazi ya kale sana. Na kijana anayetupa shoka la babu yake jalalani anatupa kitu ambacho ukoo wake wa chuma ni mrefu kuliko ukoo wa ngome ya Mombasa.

JEMBE NA MHUNZI

Kabla ya jembe kulikuwa na muo, yaani mti uliochongwa ncha, wa kuchimbia mashimo ya kupandia. Muo haukuondoka mara moja chuma kilipopatikana, kwa kuwa chuma kilikuwa ghali, na mtu maskini alilima kwa alichokuwa nacho. Huko bara, wafua chuma wa Upare walikuwa mashuhuri, na majembe yao yaliuzwa mpaka Uchagani. Na Tabora, katika karne ya 19, jembe lilitumika katika biashara karibu kama fedha. Basi mtu asishangae akisikia kwamba zamani jembe lilitolewa katika mahari. Lilikuwa mali kamili.

Baadaye yakaja majembe ya viwandani, hasa kutoka Birmingham na miji iliyo jirani yake huko Uingereza. Yalikuwa na chapa iliyopigwa juu ya bamba, na yalikuwa rahisi. Mhunzi wetu hakuweza kushindana nayo kwa bei. Kazi ya kufua jembe jipya ikampungukia, naye akabaki na kazi ya kunoa, kuunga, na kugeuza chuma cha zamani kuwa kisu au mundu.

Wazee wajua kuyatofautisha majembe haya kwa jicho. Jembe la mhunzi lina ulimi mwembamba unaopigiliwa ndani ya kifundo cha mpini. Jembe la kiwandani lina tundu, na mpini hupenya humo. Lakini mengi zaidi yaonekana katika kulika kwake. Jembe jipya lilitumika kuvunjia ardhi. Lilipolika likawa la palizi. Lilipolika zaidi likawa kiselema, akapewa mtoto ajifunzie. Upande uliolika kuliko mwingine waonyesha kama mwenyewe alishika kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Mpini nao una shimo laini pale mkono ulipokaa kwa miaka. Hayo yote ni maandishi, na kila mzee aliyelima aweza kuyasoma.

MNAZI NA ZANA ZAKE

Katika Galu na Diani na Kinondo hapana mti uliokuwa na zana nyingi kama mnazi. Mkwezi alipanda kwa vidato vilivyochongwa katika shina. Mgema alikuwa na kotama yake, kisu kikali cha kupunguzia karara asubuhi na jioni, na kibuyu chake cha kukingia tembo. Wafuaji walikuwa na kifuo, yaani mti au chuma chenye ncha kilichosimikwa ardhini, ambacho kwacho mtu hodari alimenya nazi nyingi kabla ya jua kuwa kali. Mbata zilianikwa na kupelekwa Mombasa. Makumbi yalifukiwa katika mchanga wa pwani penye maji ya chumvi mpaka yakalainika, kisha yakapondwa, yakatoka usumba wa kusokotea kamba.

Nyumbani kulikuwa na mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kuchujia tui. Vitu hivi viwili vingali vyaonekana katika nyumba nyingi, na kwa sababu hiyo hatuvioni kuwa ni vya kutunzwa. Lakini vyote vilivyokwisha kupotea vilikuwa hivyo hivyo wakati mmoja: vilikuwa vya kila siku, mpaka siku moja havikuwapo.

Mnazi ulikuwa pia chanzo cha mashauri makubwa ya urithi. Kwa desturi ya ukuche mali ya mtu ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Kwa ukulume, na kwa sharia ya dini ya Kiislamu iliyoenea sana miongoni mwa Wadigo, ilikwenda kwa watoto wake mwenyewe. Tena mti uliweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mtu mwingine. Katika mabaraza wazee waliulizana: nani alipanda? Nani alipalilia? Kwa hiyo habari za zana zagusa habari za haki, nasi twaomba zisikusanywe kwa upendeleo wa upande mmoja wa ukoo.

ZANA ZA MAMA ZETU

Ni kosa la waandishi wengi kutaja shoka na kusahau kinu. Mpunga wa mabonde ya Kwale ulikuwa kazi ya wanawake tangu kupanda hata kuvuna. Walivuna kwa kisu kidogo kilichofichwa kiganjani, shuke kwa shuke. Wakautwanga kwa kinu na mchi, wakaupepeta kwa ungo, wakaupima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kufanya pishi moja. Mashine za kusaga zilipofika vijijini, mama zetu walipumzishwa taabu kubwa, nasi hatutamani taabu hiyo irudi. Lakini kinu kilichotobolewa na miaka 40 ya kutwanga kisigeuzwe kuni kabla mwenyewe hajaulizwa kilichongwa na nani na kwa mti gani.

ZANA ZA MASHAMBA YA WENGINE

Si kila zana ilishikwa kwa hiari. Katika karne ya 19 mashamba ya pwani, na ya Gazi pia, yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake, na mwaka huo huo Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi, wa ukoo wa Mazrui, akaingia vitani nayo, mpaka akashindwa 1896 na kukimbilia upande wa Wajerumani. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kwa sheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikatoka sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa maili 10 wa Sultani alitakiwa kupeleka madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi waliolima kwa jembe hawakuwa na karatasi, na matokeo yake twaishi nayo mpaka leo.

Kisha, katika miaka ya 1920, kikaja kiwanda cha sukari cha Ramisi. Panga la kukatia miwa likawa zana ya ujira. Watu wa sehemu nyingi walifanya kazi huko pamoja na Wadigo, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1988; na miaka mingi ikapita kabla ya miwa kulimwa tena katika nchi hiyo na kampuni nyingine.

Wako wanaosema kwamba zana za utumwa na za ujira mdogo ziachwe zipotee, kwa sababu ni aibu. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Ngome ya Yesu huko Mombasa ilikuwa gereza tangu 1895 hata 1958, kisha ikatengenezwa na kufanywa makumbusho, na leo wajukuu wa wafungwa huingia humo kujifunza. Aibu si ya aliyeshika jembe. Tukiyahifadhi majembe ya wenye mashamba peke yake, tutakuwa tumeandika historia ya bwana na kumsahau aliyelima. Jembe halitakuwa hati ya ardhi mbele ya hakimu, wala hatumdanganyi mtu kwa hilo. Lakini litamwonyesha mtoto kwamba minazi hii haikuota yenyewe.

JINSI ZINAVYOPOTEA

Zana zetu zapotea kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutu na mchwa, na hewa ya chumvi ya Galu haina huruma kwa chuma.

Ya pili ni chuma chakavu. Mnunuzi hupita na mizani yake, na mtoto humtolea shoka la marehemu babu yake kwa fedha ya siku moja. Biashara hii iliwahi kusimamishwa na Serikali Januari 2022, kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya mitambo ya umma, kisha ikafunguliwa tena mwezi wa Mei mwaka huo huo. Wakati huo wote hapana aliyesema neno juu ya majembe.

Ya tatu ni mapambo. Kinu na mtumbwi mkongwe hununuliwa, hupakwa vanishi, na kuwekwa penye mlango wa nyumba ya wageni. Vinaonekana na watu wengi, lakini havisemi kitu, kwa kuwa majina yameachwa nyuma.

Wanachama wasitumaini kwamba sheria peke yake itatulinda. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 huita kitu kuwa cha kale iwapo kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Jembe alilolima nalo mama yako mwaka 1950 halimo. Tukingoja mpaka lizeeke, litakuwa limekwisha kuyeyushwa.

Ndugu zetu Wagiriama wametupa fundisho katika jambo hili. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Baada ya muda mfupi vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999 mtafiti huyo alikiona kimoja katika picha za mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Illinois State, Marekani. Cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vikarudishwa, na kile cha Illinois kilipokewa kwa sherehe na wenyewe mwaka 2007. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo ilitangaza kuvirejesha vigango 30; lakini vingi vya namna hiyo havina picha wala jina, na ni vigumu kujua virudishwe kwa nyumba gani. Vile viwili vilipata kwao kwa sababu viliandikwa vingali na mwenyewe.

Jembe si kigango, na wala hatuvilinganishi kwa heshima. Lakini kanuni ni moja.

NAMNA YA KUZITENGENEZA

Kutengeneza zana ya zamani si kuifanya mpya. Mtu akilipeleka jembe kwenye mashine ya kusagia chuma mpaka ling'are, amefuta maandishi yote tuliyoyataja. Twashauri hivi.

Kabla ya kuisafisha, zana ipigwe picha, na habari zake ziandikwe. Kisha chuma kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushwe mara moja, na kutu inayobanduka isuguliwe kwa brashi ya makumbi, tupa isitumike. Mafundi wa makumbusho hupaka chuma asidi ya tanini, ambayo huigeuza kutu kuwa nyeusi na ngumu. Na tanini ni kitu kile kile kilicho tele katika magome ya mikoko yetu, ambayo kwa muda mrefu yalitumiwa kutengenezea ngozi. Mwisho chuma kipakwe mafuta ya mashine kidogo au nta ya nyuki.

Mti ukaushwe kivulini, maana jua kali huupasua, na uwekwe juu ya vigingi mbali na mchwa. Mpini uliovunjika usitupwe. Ikiwa lazima kutiwa mpya, uandikwe mwaka wa kutiwa, na ule wa zamani uwekwe kando yake. Vitu vya ukindu na miyaa vipanguswe vumbi tu, visiloweshwe. Rangi na vanishi zisitumike kabisa. Na atakaye kuwaonyesha vijana namna ya kulima au kufua nazi atumie zana mpya ya namna ile ile, ile kuukuu ipumzike.

MASHAURI KWA WANACHAMA

Jambo hili halizidi uwezo wa watu wa kawaida. Mjini Dar es Salaam Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa mwaka 1966 kwa nyumba na vyombo vya wananchi wa makabila mbalimbali. Hapa Kenya, tangu miaka ya 1990, kwa kuhimizwa na Sultan Somjee wa Makumbusho ya Taifa, wazee wa jamii kadhaa walianzisha majumba madogo ya makumbusho ya amani kwa vitu vya nyumbani mwao. Nasi tuna mfano mlangoni petu. Kaya Kinondo ilitangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 ikaingizwa pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Msitu ule haukusalia kwa ukuta wala kwa askari. Ulisalia kwa sababu wazee walisema panga lisikate humo, na watu wakatii. Wenye kuweza kulizuia panga lisikate wataweza pia kulitunza lisipotee.

Kwa hiyo twaomba Mkutano Mkuu uyafikirie haya:

Kwanza, chama kifungue daftari la zana. Kila zana iandikiwe jina lake kwa Kidigo na kwa Kiswahili, jina la mwenyewe na la aliyeitengeneza, shamba ilikotumika, kazi yake, jina la aliyetoa habari, na tarehe.

Pili, zana ibaki mali ya mwenyewe, hata ikiwekwa katika chumba cha chama. Mwenyewe apewe hati ya kupokelewa, na aweze kuichukua apendapo. Chama hakitauza zana yo yote wala kuitoa nje ya Galu bila ruhusa ya maandishi ya jamaa.

Tatu, vijana wenye simu waende kwa wazee wakawasikilize na kuzirekodi sauti zao. Waanze na wazee wa umri mkubwa kabisa, na wasiwasahau mama zetu.

Nne, yule ambaye hana zana ila ana habari, aje vile vile. Vifaa vichache vilivyokwisha kuletwa ofisini ni vizima, lakini vingine vimeletwa bila jina, na aliyevileta hakujua vilikuwa vya nani. Yamkini katika mkutano ujao atatokea mzee mmoja atakayevigeuza mkononi, akaujua mkono uliovichonga. Vimewekwa mezani, karibu na daftari, na mlango u wazi kila Jumamosi asubuhi.